Wauguzi Wanajibu: Pumzi inapokuwa fupi na miguu isiposikia

Safari hii barua zimetoka Kilwa hadi Newala, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ugonjwa umeshajulikana, dawa zipo, ila kati ya kliniki moja na nyingine mgonjwa anateseka nyumbani na hakuna anayejua afanye nini. Hapo ndipo utafiti wa uuguzi ulipojikita kwa miaka mingi. Tumeyajibu yale yenye manufaa kwa wengi.

Mama yetu ana miaka 63, ana ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu. Anapewa furosemaidi ya kutoa maji mwilini, lakini jioni miguu imevimba na usiku analala ameketi. Chumvi ameacha kabisa. Tunakosea wapi? — Msomaji, Mingoyo, Lindi

Tuanze na hiyo chumvi "aliyoiacha kabisa", maana kila familia husema hivyo. Wanaacha kuweka chumvi ya mezani, halafu mboga ya mchana inakuwa ng'onda au papa mkavu, na kisamvu kimelainishwa kwa magadi. Papa mkavu amehifadhiwa kwa chumvi. Magadi nayo yamejaa sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi, ndiyo inayoshika maji mwilini, japo ulimini hayaji na ukali wa chumvi. Kiasi cha mtu mzima kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja kisichojaa, ukihesabu na kile kilichojificha ndani ya chakula. Ikibidi mle samaki mkavu, mloweke usiku kucha, mwage maji, mchemshe, mwage tena, ndipo mpike. Bora zaidi ni chukuchuku ya samaki mbichi, ndimu na tangawizi zikifanya kazi ya chumvi.

La pili ni saa ya kidonge. Wengi hukisogeza jioni kwa sababu asubuhi wana safari ya shamba au msiba na hawataki kutafuta choo njiani. Matokeo yake mgonjwa anaamka kukojoa mara nne, halali, na kesho yake mnasema moyo umemchosha. Kidonge kimoja kwa siku kimezwe asubuhi. Kama ameandikiwa mara mbili, cha pili kiwe mchana, saa nane hivi. Siku ya safari asikiruke. Akimeze akirudi, ilimradi jua bado lipo.

La tatu ni mzani, na hapa tutakaa kidogo. Maji huanza kujikusanya siku kadhaa kabla pumzi haijabana, na huongezeka polepole kiasi kwamba mwenyewe hayaoni. Mpimeni uzito kila siku asubuhi, ameshakojoa, hajala, nguo ni zilezile nyepesi, mzani ni uleule na uko juu ya sakafu ngumu (juu ya mkeka au udongo laini unadanganya). Andikeni kwenye daftari. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si unene. Mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Mzani wa ghala la korosho msiutegemee. Ule umetengenezwa kwa magunia, na kilo moja hapa au pale hauijali.

Nyumba isiyo na mzani itumie futi ya fundi cherehani. Wekeni alama ya kalamu sentimeta 10 juu ya kifundo cha mguu, mpime mzunguko hapo kila asubuhi kabla hajashuka kitandani. Kisha bonyezeni kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa goko kwa sekunde 5. Shimo likibaki, andikeni. Andikeni pia idadi ya mito anayolalia: aliyetoka mto mmoja kwenda mitatu ndani ya wiki ameshawapa habari kubwa kuliko kipimo cha presha.

Mwaka 2012 Barbara Riegel, Tiny Jaarsma na Anna Strömberg waliigawa kazi ya mgonjwa wa kudumu katika sehemu tatu: kujitunza, kujichunguza, na kuchukua hatua. Familia nyingi huishia kwenye ya kwanza. Dawa zinamezwa, lakini hakuna anayechunguza, kwa hiyo hatua inachukuliwa mgonjwa akiwa tayari anahema.

Mawili ya mwisho kwa mama. Magoti yakimuuma asipewe diklofenaki (diklopa ya mtaani) wala brufeni, kwa kuwa zinazuia figo kutoa chumvi na maji na kuibatilisha furosemaidi, aulizie parasetamo. Na kama ameandikiwa dawa za moyo na presha, yaani spironolaktoni pamoja na enalaprili au losatani, madafu ya kila siku aulize kwanza. Yana potasiamu nyingi, na dawa hizo zinaibakiza mwilini. Ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Natumia enalaprili ya presha mwezi wa pili sasa. Kikohozi kikavu hakiniachi, hasa usiku. Niache dawa? — Nachingwea

Usiache, badilishiwa. Kikohozi kikavu cha kukereketa koo ni tabia inayojulikana ya enalaprili na kaptoprili, na dawa ya kikohozi haikigusi. Daktari huhamishia kwenye losatani au nyingine, na kikohozi huisha kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 4. Ila kikohozi kikifika wiki mbili, pimwa kifua kikuu pia hata kama unamjua mchawi wako ni kidonge. Midomo au uso ukivimba ghafla, hiyo ni dharura na dawa hiyo usiimeze tena.

Mzee wangu alivuta sigara miaka mingi, mapafu yameharibika. Akitembea hadi chooni anabanwa kama anazama. Pia mdogo wangu wa miaka 9 ana pumu, na msimu wa kupulizia mikorosho ndio mbaya kwake. Hospitali ni mbali. — Newala

Kwa mzee, chukua kipepeo cha ukili, kile cha kuchochea jiko, ila kiwe kipya kisicho na majivu. Si mzaha. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Sarah Galbraith waliwapa wagonjwa 50 wenye pumzi fupi feni ndogo ya mkononi, kwa zamu: dakika 5 ikielekezwa usoni, dakika 5 ikielekezwa mguuni. Usoni ilipunguza hisia ya kubanwa, mguuni haikufua dafu. Inaaminika kwamba neva ya mashavu na pua ikipata ubaridi wa upepo huutuliza ubongo kuhusu hewa. Feni ile ilikuwa ya betri, lakini upepo ni upepo, na wa kipepeo hauna gharama.

Akae kitako, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja au meza, mabega yalegee. Mpepee mashavu, pua na mdomo kwa umbali wa sentimeta 15 hivi, taratibu, dakika 5. Wakati huo avute hewa kwa pua akihesabu mbili, aitoe kwa midomo iliyobanwa akihesabu nne, kama anayepuliza uji wa moto. Wengi hukosea hapa: wanapuliza kwa nguvu kama wanaozima koroboi, wanachoka zaidi. Wengine humzunguka mgonjwa watu saba na kuuziba upepo wenyewe. Mfundishe akiwa mzima, mara mbili kwa siku. Aliyebanwa hafundishiki.

Safari ya chooni aigawe. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kiti kiwekwe katikati ya njia, hewa aitoe wakati wa kuinuka na si kuibana. Kipepeo hakiongezi oksijeni, kinapunguza mateso tu. Midomo ikigeuka rangi ya zambarau, akishindwa kumaliza sentensi, au akianza kusinzia na kuchanganyikiwa, hapo ni hospitali.

Kwa mtoto, salfa ya unga inayopulizwa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ni vumbi linalokereketa njia ya hewa, na hupulizwa alfajiri wakati upepo umetulia, yaani saa ambazo mwenye pumu tayari kifua chake kimebana. Ulizeni majirani ratiba yao. Siku hizo alale nyumba iliyo mbali na mikorosho, nguo za mpulizaji zivuliwe nje na zisitikiswe ndani. Moshi wa kuchoma korosho kienyeji uani umkwepe vilevile.

Pampu yake mnaitumiaje? Mtoto akijipulizia mdomoni moja kwa moja, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo na kubaki hapo. Chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inasaidia. Heather Zar na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu chupa hiyo, ikizibwa vizuri, inafanya kazi sawa na kile chombo cha dukani kinachowekwa kati ya pampu na mdomo. Kunja waya uwe na umbo la mdomo wa pampu, upashe moto, uyeyushe tundu kwenye kitako cha chupa, chomeka pampu plastiki ikiwa bado laini ili ibane, kisha zungushia gundi ya utepe. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, apumue ndani ya chupa mara 5 au 6 polepole. Ndipo ubonyeze ya pili. Kubonyeza mara mbili kwa mkupuo ni kupoteza dawa, matone yanagongana na kushika ukutani. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuisuuza wala kuifuta, kwani ukiifuta kwa kitambaa plastiki inapata umeme tuli na kuinasa dawa.

Nasoma uuguzi hapa Mtwara. Utafiti wangu wa mwisho nataka uhusu maumivu na uchovu kwa wagonjwa wa magonjwa sugu. Nimeambiwa nitafsiri dodoso la nje. Nianzie wapi?

Anzia kwenye maneno, kabla ya dodoso. Mgonjwa akikwambia "presha imepanda" anaweza kuwa anasema kipimo, hasira au wasiwasi. "Moyo unaniuma" inaweza kuwa angina (maumivu ya moyo unaokosa damu ya kutosha) na inaweza kuwa mwanawe hajampigia simu. "Homa" kwa wengi wa pwani ni kutojisikia vizuri, kipimajoto kikisoma 36.8. "Kichomi" ni maumivu ya kuchoma ubavuni ukivuta pumzi, lakini wapo wanaokiita nimonia. Na hilo neno lako, "uchovu": aliyetoka kulima amechoka, na mwenye figo mbovu amechoka, ila wa kwanza akilala haamki nao, wa pili huamka nao bado. Ukiuliza "je, una uchovu?" utawachanganya wote wawili kwenye safu moja ya jedwali. Wagonjwa wengi hulitofautisha wenyewe, husema "mwili hauna nguvu". Tumia lao.

Kutafsiri: watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, mkae mpatanishe, mtu wa tatu ambaye hajaona la asili alirudishe kwenye lugha ya mwanzo, mlinganishe. Halafu hatua ambayo wanafunzi huiruka. Kaa na wagonjwa kumi hivi, umsomee kila mmoja swali, umwombe akueleze kwa maneno yake swali linataka nini. Wachague wa mjini na wa Tandahimba, wenye Kimakonde, Kimwera au Kiyao kama lugha ya kwanza, wanaojua kusoma na wasiojua. Hapo ndipo utagundua kwamba mizani ya 0 hadi 10 inamsumbua bibi, lakini ngumi ya mkono anaielewa papo hapo: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni mabaya kabisa.

Mizani ya 0 hadi 5 ndiyo iliyomo kwenye dodoso la Chama cha Tiba Shufaa (tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa) Afrika, APCA. Lina maswali 10 tu, 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemuuguza, na linauliza siku 3 zilizopita. Hizo siku 3 zina maana kubwa kwako. Mgonjwa aliyetoka Nanyumbu alfajiri, bodaboda kisha basi, bila chai kwa sababu ya kipimo cha sukari, ukimuuliza "sasa hivi unajisikiaje" utapima barabara.

Usiishie kwenye "kiasi gani". Elizabeth Lenz na wenzake, katika nadharia waliyoiboresha mwaka 1997, walitaka kila dalili iulizwe kwa pande nne: ukali, muda na mara ngapi, inavyokera, na inavyohisiwa (kuwaka, kuchoma, kuvuta). Maumivu ya vidole vitatu yanayomzuia mtu kusujudu yanaweza kumkera kuliko ya vidole vinne yanayokuja mara moja kwa wiki. Na dalili hutembea kwa makundi: Marylin Dodd na wenzake waliandika mwaka 2001 juu ya maumivu, uchovu na kukosa usingizi kwa wagonjwa wa saratani, zikienda pamoja na kumpunguzia mtu uwezo wa kufanya kazi zake. Kwa hiyo ukichukua uchovu na maumivu, ongeza swali la usingizi. Vinginevyo utalaumiwa na mtahini, na atakuwa na haki.

Kibali cha maadili omba mapema kupitia chuo. Usikusanye hata fomu moja kabla hakijatoka.

Nina kisukari miaka 11. Nyayo zinawaka usiku, mchana nahisi kama natembea juu ya sufi. Wiki iliyopita nimekuta jeraha ambalo sijui limetoka wapi. — Tandahimba

Jeraha kwanza: kliniki leo, hata kama haliumi. Haliumi ndiyo shida yenyewe.

Kupima ganzi nyumbani kuna njia iliyotoka Ipswich, Uingereza, mwaka 2011. Fumba macho. Mwenzio aguse kwa ncha ya kidole cha shahada, mguso mwepesi wa sekunde 1 hadi 2, ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, miguu yote miwili. Ni miguso sita. Asibonyeze, asikune, asirudie. Ukikosa kuhisi miwili au zaidi, mguu wako umo hatarini.

Ukiwa hatarini, uani kwako kuna adui wa msimu: ganda la korosho. Mafuta yake yanaunguza ngozi hata ya mbanguaji mwenye vidole vizima, na asiyehisi atasimama juu yake mpaka malengelenge yatoke. Viatu vya kufunika, si kandambili yenye mkanda unaosugua katikati ya vidole. Kikung'ute kiatu na upitishe mkono ndani kabla ya kuvaa. Maji ya kunawia yapime kwa kiwiko; kukanda miguu kwa maji moto na chumvi acha kabisa. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini ila si katikati hapo. Sugu usikate kwa wembe.

Na panya. Dakta Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasihisi. Nawa miguu kabla ya kulala, lala kitandani, chomeka chandarua chini ya godoro pande zote.

Ule moto wa usiku una dawa, mfano amitriptilini ya dozi ndogo wakati wa kulala, lakini inaandikwa na daktari. Mwenye tezi dume au moyo atamke mapema.

Dada yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, ametoka hospitali ya saratani ya Ocean Road na mofini, dawa ya maji ya maumivu makali. Shangazi anasema tukimpa atakuwa teja. Tunampa akilia tu. — Ruangwa

Mpe kwa saa, asifike kulia. Dawa hii hudumu mwilini takriban saa 4. Ratiba ya kawaida: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili alale bila kuamshwa. Kama ameandikiwa miligramu 5, ya usiku ni 10. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano; vijiko vya nyumbani havilingani. Angalieni kwenye chupa kila mililita ina miligramu ngapi, maana zipo za nguvu tofauti, na chupa mpya inaweza isiwe kama ya kwanza. Yakipenya maumivu katikati, apewe dozi ileile ya ziada, na muiandike. Ziada nyingi kwa siku maana yake daktari apandishe.

Choo kitafunga, hilo halina mjadala na haliishi lenyewe. Bisakodili, dawa ya kufungua choo, ianze siku moja na mofini, maji na papai viendelee. Kichefuchefu na usingizi hupungua ndani ya siku chache. Shangazi mwambieni mwili kuizoea dawa na uteja ni vitu viwili. Sababu ya kutoikatisha ghafla ni hiyo ya kwanza.

Kwa saratani hii angalieni mkojo. Uvimbe unaweza kubana mirija ya figo, mofini ikashindwa kutoka mwilini. Mkojo ukipungua, misuli ikarukaruka, akawa anaota macho wazi, au haamki na pumzi hazifiki 8 kwa dakika, simamisheni dozi na mumpeleke hospitali.

Baba mkwe anatumia glibenklamaidi ya kisukari na amefunga. Alasiri anatetemeka na jasho linamtoka, anasema ni swaumu tu. — Kilwa

Si swaumu, ni sukari iliyoshuka. Mpimeni, kidole kuchomwa hakivunji funga kwa kauli ya masheikh wengi. Chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine inayosoma miligramu) afungue hapo hapo, hata kama magharibi imebaki robo saa: vijiko 3 vya chai vya sukari ndani ya nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado rudia, ikipanda ale chakula. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo anaweza kushuka tena usiku. Asilale peke yake siku hiyo, na kesho asifunge kabla daktari hajaibadilisha dawa au saa zake. Daku liwe karibu na alfajiri, si saa sita usiku. Mkimkuta hajitambui msimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu, na gari liitwe huku mwingine akibeba vidonge vyake vyote kwenye mfuko.